Shanga za Hazel Stolte

"Usiliguse," sauti ya mkuu wake, Pruitt, ilisema sikioni mwake. "Usikae karibu nalo. Atakayelinunua ndiye mtu wetu. Umenipata?"

Marit Osterholm aligusa ua la fedha alilobandika kifuani, lenye redio ndogo ndani. Mara moja.

Ndiyo.

Gauni lilining'inia mbele ya watu wote, juu ya tela la kubebea nyasi lililogeuzwa jukwaa. Hariri nyeusi ya mwaka 1927. Halina mikono, halina kiuno, na lilidariziwa shanga za kioo kuanzia mabegani hadi kwenye matamvua ya pindo. Upepo wa Nebraska ulipolipitia, lililia.

Mahali fulani kwenye gauni hilo palikuwa na kifaa cha kuongozea makombora, kidogo kuliko punje ya dengu. Kiliibwa kwenye maabara ya jeshi. Jana yake, siku ya watu kupita na kutazama vitu kabla ya mnada, mchukuzi wake aligundua kwamba anafuatwa. Akajipenyeza kwenye umati, akakificha kwenye gauni, akatoka. Idara ya upelelezi ilimdaka barabarani, mifuko mitupu. Alisema jambo moja tu kabla ya kudai wakili: mteja wake atakuja mnadani kulinunua gauni la shanga.

Sura ya mteja haikujulikana.

Kwa hiyo mtego ulitegwa. Vijana wenye bunduki walilala ndani ya mahindi, pembeni mwa uwanja wa kuegesha magari. Pruitt alijifungia kwenye gari lililoandikwa jina la fundi bomba, akifuatilia mnada kwa kamera. Amri ilikuwa moja: yeyote atakayetoka na gauni, alazwe chini, maswali baadaye.

Mpango mzuri kabisa. Ulitungwa Washington na watu ambao hawajawahi kuhudhuria mnada wa shambani maishani mwao.

Marit alizaliwa kwenye shamba kama lile. Tena alikuwa mkusanyaji kweli, si wa kuigiza. Alikusanya pini za kofia, zile ndefu za chuma ambazo akina mama wa zamani walizitumia kushikizia kofia zao kubwa kwenye mafundo ya nywele. Asubuhi hiyo alikuwa ameshanunua moja yenye kichwa cha kaharabu, akaichomeka kwenye kofia yake ya majani. Bastola yake aina ya Glock ilibaki kwenye gari la Pruitt. Watu wengi, watoto wengi, alisema Pruitt.

Jukwaani, dalali Duane Kuhlmann aliinua sketi nyembamba iliyobana vifundoni.

"Akina mama! Ya mwaka 1911 hii! Bibi zenu walitembea hatua za kuku humu ndani. Ndiyo maana walishindwa kuwakimbia babu zenu!"

"Walikuwa na pini za kofia, Duane!" mwanamke mmoja alimjibu kutoka kwenye meza ya kanisa ya kuuzia pai. "Kamuulize babu yako alichomwa nini kwenye tramu ya Omaha!"

Watu waliangua kicheko. Sketi ikaenda. Santuri ya kupiga kwa mkono ikaenda. Viatu vya vifungo, kofia ya manyoya ya mbuni, taa ya mbele ya Ford ya zamani, vyote vikaenda.

"Haya," Duane alisema, na sauti yake ikashuka. "Gauni la Hazel Stolte."

Safu ya tatu, mzee mmoja alisimama kwa fimbo. Alisimama polepole sana. Macho yake yalikuwa na ukungu, akawa anatazama kule sauti ilikotoka.

"Huyo ni Virgil," Bi Ardith, aliyeketi pembeni ya Marit na sahani ya pai, alimnong'oneza. "Marehemu Lenora, mwenye mali hii yote, ni dada yake. Waligombana ujana wao wote, na Lenora akaandika kila kitu kiuzwe mnadani, hata kijiko. Ili Virgil asirithi."

"Na gauni?"

"La Hazel, mama yao, mwanangu. Alikufa Virgil ana miaka sita. Sura haikumbuki. Anakumbuka mlio wa shanga tu, mama akipita usiku wa Krismasi kumfunika blanketi. Lenora alimkatalia hata kuligusa."

"Dola hamsini," mzee Virgil alisema.

Hakuna aliyeongeza bei.

Mikono yote ilishuka mapajani. Mama mmoja mwenye duka la nguo za kale mjini Lincoln, aliyeendesha gari tangu alfajiri kwa ajili ya gauni lile, alifunga mkoba wake. Katika wilaya ile hakuna anayeshindana bei na mfiwa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyewahi kuivunja.

"Mbona hawaongezi?" Pruitt aliuliza sikioni. "Gauni la maelfu linakwenda kwa hamsini? Amewanunua hawa! Vikosi vyote, mtu wetu ni mzee mwenye fimbo. Narudia, mzee mwenye fimbo."

Marit aligusa ua la fedha. Mara mbili. Hapana. Mara mbili tena.

"Osterholm? Sikupati. Osterholm, chombo chako kimekufa?"

Kimekufa.

Alikuwa anasikia kila kitu na hawezi kusema lolote. Akisimama kupiga kelele, mteja wa kweli atayeyuka na hawatamwona tena. Akikaa kimya, vijana wanne watamrukia mzee wa miaka themanini na mbili na kumbamiza kwenye kokoto. Nyonga itavunjika. Pengine moyo utasimama. Marit aliogopa, na hakuna mafunzo yoyote ya Idara yaliyomwambia afanye nini na woga ule.

"Mia tano!"

Sauti ilitoka nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Mwanamume mwenye pama jipya la Stetson, jipya kiasi kwamba halikuwa na hata alama ya jasho, aliinua kidole.

"Huyu katoka wapi?" Bi Ardith alinong'ona. "Hana mama huyu?"

Duane Kuhlmann alikuwa na macho ya kumwona nzi akijikuna mwisho wa uwanja. Alimtazama yule bwana usoni kabisa, na hakumwona.

"Hamsini! Mara ya kwanza, mara ya pili, limekwenda kwa Virgil!"

"Nimesema mia tano! Elfu moja!"

"Samahani, bwana mkubwa. Masikio yangu haya yaliharibika jeshini."

Watu walicheka, lakini kicheko chenye meno. Marit hakucheka. Mteja alikuwa amejitoa mwenyewe hadharani kwa kukosa adabu, na katika Idara nzima mtu pekee aliyelielewa hilo alikuwa yeye, bubu.

Mzee Virgil alipokea gauni likiwa limefungwa kwenye shuka. Alilikumbatia, akaanza kuelekea kwenye magari. Pama jipya likainuka na kumfuata.

Marit akalifuata pama.

"Anatoka," Pruitt alisema. "Jiandaeni."

Foleni ya pai ilikuwa imeziba njia. Marit alipenya, akaomba radhi, akapigana vikumbo na mabibi wa kanisa. Mbele yake fimbo ya mzee iligonga kokoto, ikagonga, ikafika kwenye Ford kuukuu ya jirani aliyemleta, iliyoegeshwa nyuma ya lori la mahindi.

"Mzee, nakupa elfu kumi," alisema mwenye pama.

"Siuzi."

"Ishirini. Taslimu, sasa hivi."

"Kijana, hili nalingoja tangu utotoni. Niondokee, nifungue mlango."

Koti lilifunuka. Bastola aina ya SIG, yenye kiwambo cha kuzuia sauti, ikatoka na kumwelekea mzee tumboni. Mzee hakuiona. Macho yake hayakuweza.

"Kuna mtu anaongea naye nyuma ya lori," Pruitt alisema. "Mshirika wake. Walazeni wote wawili. Twende!"

Mahindi yalipasuka, vijana wakachomoka na bunduki.

Marit alichomoa pini kwenye kofia na kuichomeka kwenye kifundo cha mkono wa yule bwana, mpaka kwenye kaharabu.

Alipiga yowe. Bastola ilianguka. Marit aliipiga teke ikapotelea chini ya Ford, akamgeukia mzee, akasimama mbele yake mikono wazi, kifua chake kikitazama bunduki nne za wenzake.

"Si huyu! Mzee asiguswe! Ni yule!"

Kijana wa mbele alisita. Kusita kule ndiko kulikomwokoa mzee.

Mwenye pama alikwishafika kwenye gari lake la kukodi. Lakini nyuma yake palikuwa na gari la mkulima, na ubavuni lingine. Wakulima watatu wenye kofia za matrekta ya John Deere walisimama hapo wakitafuna vijiti.

"Ondoeni hizi takataka!"

"Pole sana," mmoja alimwambia. "Sijui funguo nimeziweka wapi."

Vijana wa Idara walimfunga pingu palepale.

Pruitt alifika akihema, tai begani. Hakuuliza habari za mzee.

"Gauni," alisema, mkono umenyooka. "Linakwenda maabara. Watavua ushanga mmoja mmoja mpaka wakipate."

"Mkuu, mzee huyu..."

"Ni amri, Osterholm."

Marit alimshinda mtu mwenye bastola, akashindwa na mkono mmoja mtupu wa mkubwa wake.

"Mtalirudisha lini?" mzee Virgil aliuliza.

Marit aliona aibu, akaamua angalau asimdanganye.

"Sijui, mzee wangu. Pengine miaka. Na halitarudi gauni. Zitarudi shanga kwenye mfuko."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Hakulia wala hakubishana.

"Basi nilisikie mara moja. Lishike mabegani, binti, ulitikise. Mama alikuwa anatembea upesi."

Marit alifungua shuka. Alilishika gauni mabegani, akalitikisa, upesi.

Shanga zililia. Mzee alifumba macho, na kwa muda alikuwa mtoto kitandani. Kisha alikunja uso.

"Tena."

Alilitikisa tena.

"Kushoto, chini kabisa," alisema mzee. "Kuna kimoja hakilii, kinagonga tu. Hicho si cha mama."

Marit alipiga magoti kwenye kokoto. Kwenye tamvua la kushoto, katikati ya shanga nyeusi, palikuwa na ushanga mweusi usiong'aa, umefungwa kwa uzi wa nailoni. Mwaka 1927 hapakuwa na uzi wa nailoni. Aliifuta pini ya kofia, akapenyeza ncha yake chini ya fundo, akavuta.

Kifaa kilidondokea kiganjani mwa Pruitt.

"Huo mzigo wako," Marit alisema.

"Na gauni?"

"Gauni lina mwenyewe."

Pruitt alifungua mdomo. Halafu aliwaona wakulima, Bi Ardith, dalali Duane na meza nzima ya kanisa, wamesimama kimya kuzunguka ile Ford, mikono mifukoni, bila haraka ya kwenda popote. Akaufunga.

Marit aliichomeka pini kwenye kofia yake, akaanza kutembea kuelekea barabarani.

"Osterholm! Hiyo pini ni ushahidi!"

"Nimeilipia."

Nyuma yake mzee alikuwa analitikisa gauni tena, polepole. Marit hakugeuka. Hakutaka Pruitt ayaone macho yake.