Pakiti ya Kijani Juu ya Kompyuta

Umeme ulikatika mjini Taichung saa moja jioni, rafiki yangu Po-hsun akiwa ameunganisha kompyuta zake mbili kwa waya mmoja. Alikuwa akihamisha rekodi za sauti ya marehemu mkewe kutoka kompyuta kuukuu kwenda mpya. Nakala nyingine hakuwa nayo.

"Shemeji, kompyuta kuukuu umeiwekea vitafunio vya pakiti ya kijani?" Shu-wan, mdogo wa marehemu, aliuliza gizani. "Mashine isiyopewa pakiti yake hugoma."

"Iko juu yake. Wewe na mizimu yako."

Kitu kikaanza kutafuna, kru, kru, polepole.

"Sasa mbona unaila?"

"Nilidhani ni wewe, shemeji."

Umeme uliporudi, kompyuta kuukuu haikuwaka tena. Kwenye mpya hapakuwa na rekodi hata moja. Po-hsun aliinua pakiti. Ilikuwa imefungwa vilevile, na ndani hamkuwa na kitu.