Dumu la Njano la Sechelela

Sechelela ana miaka sita. Anaishi na Mama katika kijiji kimoja cha Ugogo, mahali ambapo msimu wa mvua huja mara moja tu kwa mwaka.

Mwaka jana mtama uliisha kabla ya mavuno. Sechelela alikunywa uji mwepesi kama maji. Usiku tumbo lake lililia: nguru, nguru, nguru.

"Mwaka huu sitaki," alisema Sechelela.

"Hutaki nini?" aliuliza Mama.

"Sitaki njaa. Ikija, ikute mlango umefungwa."

Mama hakucheka. Alichukua dumu la njano lililoisha mafuta ya kula. Aliliosha, akalianika mpaka likakauka ndani na nje.

"Hatuna fedha ya kununua magunia ya mtama," alisema Mama. "Lakini viganja tunavyo."

Kila walipotaka kupika, walitenga mtama kidogo. Kidogo tu.

Kiganja cha leo, chunguni.
Kiganja cha kesho, dumuni.
Wewe njaa, hapa hupiti.

Mtama uliingia dumuni: chaka, chaka, chaka. Mama alikaza kifuniko: kri, kri, kri.

"Kaza sana, Mama. Fukusi asipate hewa."

Fukusi ni mdudu mdogo anayetoboa mtama. Sechelela hampendi.

Jirani yao alikuwa Mjomba Masima, kaka yake Mama. Mjomba alipenda kunywa togwa na kucheza ngoma.

"We Sechelela," alisema Mjomba. "Watu wanacheza, wewe unalinda dumu? Nipe huo mtama tukoroge togwa."

"Sikupi."

"Nusu."

"Sikupi."

"Robo basi, mpwa wangu."

Sechelela alilikumbatia dumu kwa mikono miwili. "Sikupi, Mjomba."

Asubuhi moja Mama alilowesha mtama kwenye kinu, ili maganda yatoke vizuri akitwanga. Kisha akaenda kuchota maji.

Sechelela hakutaka kusubiri. Alichukua kiganja kutoka kwenye kinu, akakitia dumuni. Akakaza kifuniko mwenyewe: kri, kri, kri.

Siku zilizofuata hakuna aliyelifungua dumu. Walikuwa shambani kwa shangazi, wakimsaidia kuvuna karanga.

Waliporudi, Mama alifungua kifuniko. Harufu ikatoka. Ilikuwa kali, kama togwa iliyochacha.

Mjomba alikuja, akanusa. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Dumu limenisikia," alisema. "Limejikorogea togwa lenyewe."

Sechelela alimsogelea Mama. "Mama, ni mimi. Nilitia mtama wa kwenye kinu."

"Ule ulikuwa umelowa," alisema Mama. "Unyevu ukiingia dumuni, mtama unaoza."

"Umeoza wote?"

"Sijui. Tuutazame."

"Umwageni tu, yaishe," alisema Mjomba.

"Hatumwagi," alisema Sechelela. Akaenda kuleta turubai.

Walitandaza mtama juani. Ulioshikana na kuota ukungu waliufukia. Ulikuwa kiasi. Uliobaki ulikuwa mwingi.

Kuku walikuja: ko, ko, ko. Sechelela alisimama mbele yao na fimbo.

"Nyie kuku, hapa hampiti."

Jioni Mama alimpa punje moja. "Ing'ate."

Sechelela aling'ata. Punje ilibonyea. Haikutoa sauti.

"Bado," alisema Mama.

Waliuanika tena. Sechelela aling'ata punje nyingine. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayenong'ona.

"Bado," alisema Sechelela mwenyewe.

Waliuanika tena. Sechelela aling'ata.

Ka.

"Mama, imelia."

"Basi imekauka," alisema Mama.

Mtama ukarudi dumuni: chaka, chaka, chaka. Kuanzia siku ile, Sechelela hakutia kiganja bila kung'ata kwanza.

Punje ilie ka.
Kiganja cha leo, chunguni.
Kiganja cha kesho, dumuni.
Wewe njaa, hapa hupiti.

Dumu la njano lilijaa. Mama akatafuta dumu la pili. Nalo likajaa.

Mvua ikaja. Watu wakalima, wakapanda, wakasubiri. Vihenge vya kuhifadhia mtama vikaanza kuwa vitupu, nyumba hii na nyumba ile.

Nyumbani kwa Sechelela, Mama alifungua dumu. Halikunuka chochote. Wakatwanga, wakasonga ugali, wakala na mboga ya mlenda.

"Hodi," alisema mtu mlangoni. Alikuwa Mjomba. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Karibu, Mjomba. Togwa hakuna," alisema Sechelela. "Ugali upo."

Mjomba alinawa, akala. Alipomaliza, Sechelela alimwekea dumu tupu magotini.

"La nini hili?"

"La kwako. Tukivuna, uanze."

"Na togwa yangu je?"

"Utakoroga. Kiganja cha kesho kwanza."

Mjomba alilitazama dumu. "Dada," alimwambia Mama, "huyu mtoto ni mkali."

"Najua," alisema Mama.

Mavuno yakafika. Sechelela alishiba, akajilaza mkekani. Tumbo lake halikusema kitu.

Alipokuwa anafumba macho, akasikia sauti kutoka nyumba ya Mjomba.

Ka.

Chaka, chaka, chaka.

Kri, kri, kri.

"Wewe njaa," ilisema sauti nzito ya Mjomba, "hapa hupiti."

"Na huku pia," alisema Sechelela. Akalala.