Niliandika Mundika kwa Mwanangu

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mitatu. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini mwandiko wangu ni mzuri... na mwandiko huo ndio ulioniponza.

Nilikuwa mpishi na mlezi wa wasichana katika kituo kimoja cha vijana karibu na Malaba. Walilala hapo hapo, wakijifunza ngoma, uchongaji na maigizo. Binti yangu Nekesa alikuwa mmoja wao. Kwenye kitanda cha pili kutoka chake alilala Apolot, msichana mwembamba wa Kiteso mwenye maneno mengi. Alipiga akogo, kile kibao chenye vyuma vidogo vinavyochezwa kwa vidole gumba. Akianza, hata wapagazi wa mpakani walitua mizigo wasikilize.

"Mama Nekesa," alinitania, "haya maharagwe yako yana mawe. Unataka tupige ngoma na meno?"

Nilimpenda kama wangu. Nilidhani hivyo...

Mwaka ule, upande wa Uganda watu walikuwa wakipotea. Wanajeshi wakikuchukua, hakuna wa kuulizwa. Huku kwetu nako kukazuka maneno kwamba kituo kinaficha wageni. Afisa mmoja akaja, akasema kitafungwa. Mkuu wetu, Mzee Barasa, alimsihi mpaka akapiga magoti. Mwishowe afisa akalegea: kila kijana aandikwe alikozaliwa, waliozaliwa ng'ambo warudi kwao, na kituo kibaki.

Jamani! Nani hapa mpakani hana mguu mmoja ng'ambo? Wanawake wengi huenda kujifungulia kwa mama zao, na mama wengine wako ng'ambo ya mto.

Mimi ndiye niliyepewa daftari. Apolot aliketi mbele yangu bila woga.

"Andika nilizaliwa kwa nyanya, ng'ambo. Kama Nekesa tu, si ndiyo mama?" Akacheka.

Niliandika. Kisha nikafika kwa Nekesa, ambaye ni kweli nilimzaa kule ng'ambo kwa mama yangu... nikaandika Mundika, kijiji cha huku huku Kenya.

Asubuhi iliyofuata afisa alisoma majina uani. Saba walitakiwa kuvuka daraja saa ile ile. Apolot alisikia jina la Nekesa likirukwa. Akanitazama. Angeweza kusema! Neno moja tu! Hakusema. Alifunga akogo yake kwa leso, akaniambia, "Mama, uchague maharagwe vizuri," akaenda.

Kituo kikaokoka. Mzee Barasa alichinja mbuzi, vijana wakacheza. Nami nilikula nyama ile, wasomaji. Niliimeza.

Sita kati ya wale saba walituma salamu. Apolot, kimya. Nilijiambia ameshafika kwa mama yake... Halafu, siku moja ya soko, mama yake akaingia langoni na kikapu cha karanga.

"Dada, niitie Apolot," alisema. "Tangu Krismasi sijamwona."

Nilimweleza kuwa waliozaliwa ng'ambo walirudishwa. Hakulia. Aliniuliza tu, "Nani aliandika?"

"Serikali," nikamjibu.

Nekesa alikuwa nyuma yangu, akasikia. Tangu siku hiyo hachezi ngoma wala halali kitandani. Hutandika mkeka chini, kando ya kitanda cha Apolot. Mbele ya watu ananiita "mpishi".

Mama yule bado huja kila siku ya soko. Hukaa kwenye benchi karibu na jiko langu, na humenya karanga akitazama lango. Nimpe chai, ananishukuru. Ananishukuru mimi!

Ndugu zangu, mkiambiwa mwokoe nyumba kwa kumtoa mtoto wa mwenzenu mlangoni, iacheni ifungwe. Nyumba hujengwa tena. Na kama ni lazima muandike, basi andikeni na wenu.

Siku ya soko ni kesho kutwa. Nitaketi naye kwenye benchi lile nimwambie ni mkono gani ulioandika. Nimeyaandika haya kwenu kwanza... ili nikifika pale nisipate pa kurudi nyuma.