Alibisha Hodi kwa Goti

Wewe unayenisoma, umewahi kumwona mwanamume akibisha hodi kwa goti, kwa sababu mikono yake yote miwili imekumbatia kompyuta?

Mimi nimemwona. Nilikuwa kwenye kiti changu sebuleni, nashona vifungo vya shati, mara mlango ukagongwa chini chini, dum, dum, utadhani mbuzi anataka kuingia. Sebule yangu ina wenyewe wawili. Upande wa mlangoni ni wangu na cherehani yangu. Upande wa dirishani ni wa mjukuu wangu, fundi wa kompyuta, mwenye meza ndefu, taa ya kuinama na bisibisi zilizopangwa kwa ukubwa kama watoto wa tumbo moja.

"Sukuma, uko wazi!" mjukuu wangu alisema bila kuinua kichwa.

Kwanza likaingia kasha jeusi la kompyuta ya mezani. Halafu kidevu juu yake. Halafu mwenye kidevu.

Alikuwa Rula. Ni mchoraji wa ramani za nyumba, mrefu, mwembamba, amenyooka, na jina likamkaa. Ndiye aliyekuwa mchumba wa mjukuu wangu, mpaka siku kompyuta hiyo ilipomzimikia ikapoteza kazi ya mteja, naye akamwambia binti wa watu mbele ya ofisi nzima, "Mashine hii ilikuwa nzima mpaka mikono yako ilipoigusa." Mjukuu wangu alivua pete, akaiweka juu ya kibodi, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu hapo hawakusemezana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Tua mzigo usije ukavunjika kiuno, nawe hujaoa bado."

Mjukuu wangu aliweka bisibisi chini taratibu.

"Mafundi wameisha mjini?"

"Wapo."

"Basi?"

"Bado inasumbua. Nikianza kuchora inaganda, halafu inazima. Nimekuja... nimekuja na kompyuta."

"Naiona. Si kipofu."

Nilidhani atamfukuza. Lakini huyu mtoto nimemlea mimi. Kitu kikimshinda hapati usingizi. Alilitazama lile kasha kama mtu anayetazama adui aliyemtafuta siku nyingi.

"Iweke hapo. Ila nisikilize vizuri. Siifungui kwa ajili yako, nataka kujua ukweli. Kama ni mkono wangu uliokosea, nitakuja ofisini kwako niseme mbele ya walewale walionisikia nikitukanwa. Kama si mkono wangu, utasema wewe. Tumeelewana?"

"Kwani ni lazima tufike huko—"

"Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Kaa karibu na Bibi. Usiguse kitu."

Rula akakaa kwenye kigoda. Nikampa sindano anitungie uzi. Uzi unapita kushoto, unapita kulia, tundu halioni.

Mjukuu wangu alifungua ubavu wa kasha. Skrubu akaziweka kwenye vifuniko vya makopo yangu ya vifungo, kila aina na kifuniko chake.

"Tangu niiache, nani ameifungua?"

"Fundi mmoja."

"Akasema nini?"

"Alisema mengi," Rula alijibu, akakohoa.

Nami niwaeleze kidogo. Walipochumbiana, wasichana wengine wangenunua shati. Wangu alinunua RAM. Ni kibao chembamba, kirefu kama kidole cha kati, kina meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja, na bila hicho kompyuta haiwezi kushika mambo mengi kwa wakati mmoja. Ya Rula ilikuwa nacho kimoja, inajikokota. Basi akamnunulia cha pili, akakifunga kwa karatasi ya maua, na akakichomeka kwa mkono wake mwenyewe. Haikupita muda, mashine ikaanza kuzima.

"Itakuwa ni pawa saplai, au hadi diski, au vyote," Rula alisema. "Si ubadilishe vyote kwa mpigo, tumalize?"

"Kimoja kimoja. Nikibadilisha viwili na ikapona, nitajuaje mgonjwa alikuwa yupi?"

Akachomoa pawa saplai, kile kisanduku cha kuleta umeme, kutoka kompyuta yake mwenyewe, ambayo anajua ni nzima, akaifunga kwenye ile ya Rula. Akawasha. Kioo kikaja, kikakaa, kikaganda. Tik. Giza.

"Si umeme."

Akarudisha kila kitu mahali pake kabla ya kugusa kingine. Akaangalia feni, inazunguka. Akapima joto, la kawaida. Akatoa hadi diski, ghala la kazi zote, akaipeleka kwenye mashine yake akaipima.

"Diski nzima."

"Ramani zangu zipo?"

"Zipo. Ipo na moja imeandikwa 'Nyumba Yetu'. Sijaifungua."

Rula akaangusha sindano. Tukaitafuta wote wawili kwenye mkeka, na nawaambia, mwenzangu hakuwa anatafuta sindano.

Mara simu yake ikalia. Alikuwa shangazi yake, na shangazi huyo hahitaji simu, angefungua tu dirisha la kwake tungemsikia.

"Umeshamwambia?"

"Shangazi, niko... nitakupigia."

"Yaani umefika na hujamwambia? Wewe ni mwanamume au kabati?"

Akakata. Mjukuu wangu akageuka na bisibisi mkononi.

"Kuniambia nini?"

"Mambo ya... ya kompyuta."

Simu ikalia tena, ting, ujumbe. Rula aliusoma akaufunika kwa kiganja, lakini mimi nilikuwa begani kwake na miwani yangu nimeivaa: "Kama mdomo umekufa, tumia hata mikono."

Nikarudi kwenye vifungo vyangu. Si vizuri kusoma ujumbe wa watu.

Zikabaki RAM. Mjukuu wangu akazitoa zote mbili, akayasugua yale meno ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akapuliza. Akaichomeka ile ya zamani peke yake, akawasha programu ya kupima. Tukasubiri. Mistari ikashuka kwenye kioo, myeupe mitupu, mpaka mwisho.

"Hii nzima."

Akazima, akaitoa, akaweka ile ya zawadi. Akawasha. Haikuchukua hata muda wa kushona kifungo. Mistari myekundu, mmoja, miwili, kioo kizima kikawa kama kimechinjiwa kuku.

"Labda ni mahali inapochomekwa," Rula alisema haraka.

"Labda."

Akaihamishia kwenye nafasi ya pili. Nyekundu. Akaichomeka ile ya zamani kwenye nafasi hiyohiyo. Nyeupe.

Mjukuu wangu alizima mashine, akaishika RAM ya zawadi kwenye kiganja.

"Ni yangu," alisema. "Nimekuletea ubovu kwa mkono wangu, nikaufunga kwa karatasi ya maua. Ulisema kweli."

"Hapana, ngoja—"

"Nimesema nitasema, na nitasema. Simama twende ofisini kwako."

"Sisimami."

"Rula, simama!"

"Kaa kwanza, tafadhali."

Mjukuu wangu alikuwa na macho yaliyojaa maji, lakini kidevu kiko juu. Alichukua kimfuko aiweke ile RAM, na ndipo kidole chake kikagusa kitu. Kwenye kona, upande wa nyuma, kulikuwa na kipande kidogo cha karatasi kimegandishwa. Alipokuwa anasugua alitazama meno tu, hakukijali. Sasa akakileta chini ya taa. Kilikuwa karatasi ya maua.

"Hii ni karatasi niliyofungia zawadi. Mimi sikubandika kitu hapa."

Rula akatazama viatu vyake.

Mjukuu wangu akakibandua kwa ukucha. Chini yake, kwa wino mweupe, palikuwa na msalaba mdogo wenye nukta pembeni.

Ni desturi ya mafundi hiyo. Kipande kikishathibitika kibovu hakiachwi hivihivi, kinatiwa alama, kisije kikarudishwa kwenye mashine ya mtu kwa bahati mbaya. Na kila fundi ana alama yake.

"Msalaba na nukta ni alama ya fundi Koleo," mjukuu wangu alisema polepole. Akachukua simu, akaweka sauti ya nje.

"Haloo, dada fundi! Leo umenikumbuka?"

"Koleo, uliwahi kutengeneza kompyuta ya mchora ramani mmoja mrefu?"

"Yule aliyenyooka kama nguzo ya umeme? Ndiyo. RAM moja ilikuwa imekufa, ubovu wa kiwandani, si wa aliyeichomeka. Nikaitoa, nikaitia alama, mashine ikawa nzima kabisa. Akaniomba nimpe ile mbovu. Nikamwuliza ya nini, akasema ni ukumbusho. Nikasema haya, kila mtu na wazimu wake. Kwani vipi?"

"Imerudi kwenye mashine."

"Imerudi? Imerudije? Ina miguu?"

"Ndiyo ninataka kujua. Asante, Koleo."

Akaweka simu mezani. Mimi nikang'ata uzi ingawa haukuhitaji kukatwa.

"Mashine ilipona."

"Ilipona," Rula alisema.

"Ukairudishia ugonjwa. Ukaficha alama. Ukaibeba mpaka hapa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwanza siku ile ofisini, yule mteja alikuwa amenipandia kichwani, halafu Shangazi, halafu pete nayo, na pia—"

"Kimoja kimoja!"

Akavuta pumzi.

"Sikuwa na kisingizio cha kuja. Nikija mwenyewe ungenifungia mlango. Nikija na mashine mbovu, ungeifungua. Nakujua."

"Kwa hiyo ukaniacha nihangaike asubuhi nzima nikitafuta ugonjwa unaoujua? Ukanitazama nikijihukumu hapa?"

"Hilo sikulipanga. Hilo limenichoma mimi kuliko wewe."

Mjukuu wangu aliirudisha RAM ya zamani kwenye nafasi yake, akafunga ubavu, akakaza skrubu zote, akawasha. Ikawaka, ikatulia, ikanguruma taratibu kama paka. Akaizima, akamsogezea.

"Kompyuta yako imepona. Ichukue."

"Basi ni hivyo tu?"

"Umeleta kompyuta, nimetengeneza kompyuta. Ulitaka nikutengenezee na nini?"

Rula akakumbatia kasha lake. Nikamfungulia mlango, kwa maana hakuwa na mkono wa kufungulia, nikaufunga nyuma yake.

"Mjukuu wangu—"

"Bibi, usiniambie kitu."

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, ile RAM bado kiganjani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Mimi nilitaka aje mikono mitupu. Bila mzigo, bila sababu. Aje tu. Kila mlango ukigongwa nilisikiliza kama ni yeye."

Dirisha lilikuwa wazi, na masikio yangu ni mazima kabisa. Sikuwa nimesikia hatua za mtu zikiondoka barazani.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia. "Uzee huu, sisikii vizuri."

"Nimesema nilitaka aje mikono mitupu, Bibi!"

Huko nje kitu kizito kikawekwa chini. Halafu mlango ukagongwa, safari hii juu, pale wanapogonga watu.

"Hodi."

Mjukuu wangu akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Hakukimbia. Alikwenda akasimama nyuma ya mlango.

"Nani?"

"Ni mimi."

"Kompyuta iko wapi?"

"Barazani. Ikiibiwa na iibiwe."

"Shangazi amekutuma?"

"Nimezima simu."

"Na pete?"

"Iko nyumbani. Hata pete sikuleta."

Akafungua. Rula alikuwa amesimama mikono imeinuliwa usawa wa kifua, viganja wazi, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Mjukuu wangu aliitazama mikono ile, wa kulia, halafu wa kushoto.

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kesho, mbele ya ofisi nzima, nitasema kwamba niliogopa mteja nikakutupia wewe. Hilo la kwanza."

"Na la pili?"

Rula akanitazama mimi, akaona siondoki, akamrudia yeye.

"Nakupenda, nimekukosa, na nataka ile nyumba niliyoichora uje tukae wote."