Siku Mastura Alipotulia

Jumamosi ya tarehe 11 Agosti 1956, wataalamu thelathini na wanane wa watoto wasiotulia walikaa katika ukumbi wa shule moja huko Chumbageni, mjini Tanga, wakamtazama mtoto akikata roho kwa muda wa dakika ishirini, na hakuna hata mmoja aliyetambua. Walikuwa wameahidiwa mtoto aliyefundishwa kutulia, na mtoto alikuwa ametulia. Baadhi yao waliandika hivyo katika madaftari yao.

Saa tatu na dakika kumi, daktari mmoja aliyetoka Unguja alipanda jukwaani kumfunga mtoto vibati vya mashine vidoleni. Alishika mkono, akauachia, akaushika tena juu kidogo, penye mshipa. Kisha akaomba watu watoke nje.

Mtoto aliitwa Mastura binti Jaku, umri wake miaka minane, yatima wa Mabawa aliyelelewa na bibi yake, Bi Mwatumu, muuza vitumbua. Hakuwa mtukutu, alikuwa hawezi kukaa tu. Angetumwa chumvi akarudi na kuni, tena kwa furaha. Shule mbili zilikuwa zimemkataa baada ya kumchapa mpaka zikachoka. Ndipo Daktari Hollis, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti wake Tanga tangu mwaka uliotangulia, akamchukua kwenye mashine yake. Mashine ilikuwa na sindano iliyochora mstari wa wino kwenye karatasi kufuata jasho la vidole: mtu akitaharuki mstari huruka, akitulia hunyooka. Mtoto aliketi akiitazama sindano yake mwenyewe, na katika kujaribu kuinyoosha alijifunza kujituliza. Hivyo ndivyo daktari alivyoamini, na alialika watu kutoka Nairobi hadi Lindi waje waamini pamoja naye.

Sajini Mwinyijuma Shehe wa upelelezi alifika saa nne kasorobo. Alikuwa mtu wa Tongoni, mnene, mpole wa kauli, na wakubwa wake walimwona mzito kwa sababu aliuliza jambo moja mara mbili. Alimkuta Bi Mwatumu katika chumba cha kungojea, ameketi sakafuni na ushungi umemwanguka mabegani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimwacha alie kwanza. Kisha akasikiliza. Bi Mwatumu alikuwa amekataa dawa zote za hospitali tangu mwanzo. Alichompa mjukuu wake ni kombe: aya alizoandika Shekhe Hija kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi na kutiwa chupani. Mtoto alipaswa kunywa kikombe kimoja cha kahawa kila asubuhi kwa siku saba, liishe siku ya mkutano. Lakini homa ilimlaza siku mbili, hivyo jana yake, Ijumaa, chupani vilibaki vikombe vitatu. Siku hiyo walikuja shuleni kwa mazoezi, Mastura akachoka, bibi akambeba mgongoni. Chupa aliiacha juu ya rafu ya chumba cha mashine, mahali pa juu panapostahili kitu chenye aya. Leo saa moja na nusu asubuhi alimnywesha. Mastura alikunja uso akasema chungu. Ulipofika wakati wa kupanda jukwaani alikuwa amesinzia, bibi akambeba mpaka kitini.

"Niambie jambo moja tu, mwanangu," alisema. "Ni mimi niliyemuua? Maana hakutia kitu kinywani tangu alfajiri ila nilichompa kwa mkono huu."

Sajini alisema atamletea jibu. Alijuta palepale, kwa kuwa alijua jibu lenyewe laweza kuwa ndiyo.

Hospitalini walikuta dawa ya usingizi tumboni mwa mtoto, tena nyingi. Inspekta wake, Mwingereza asiyependa mambo kukaa wazi, hakuhitaji zaidi. Nani aliyelitengeneza kombe? Shekhe Hija. Nani aliyesema mbele za watu kwamba mashine ile itawatoa watoto katika dini? Shekhe Hija huyohuyo. Ilipofika saa nane mchana mzee alikuwa mahabusu, amevuliwa kilemba.

Sajini aliingia, akamwamkia, akampa kilemba chake kabla ya swali la kwanza.

"Sikuipenda ile mashine, na mpaka leo siipendi," alisema Shekhe. "Lakini nitie sumu ndani ya maneno ya Mungu? Nikalale wapi baada ya hapo?"

Sajini alimuuliza kilichokuwemo. Zafarani, maji ya waridi, akajibu, na asali kidogo kwa sababu mnywaji ni mtoto. Siku za kwanza Mastura alilipenda mpaka akawa analamba kikombe. Sajini aliandika hayo. Kombe lililokuwa tamu mwanzo wa wiki likawa chungu Jumamosi. Kwa hiyo uchungu uliingia baada ya Ijumaa saa kumi na nusu jioni, chupa ilipowekwa rafuni, na kabla ya Jumamosi saa moja na nusu asubuhi.

Ufunguo wa kabati la dawa ulikaa kwa nesi wa utafiti, Dorkasi, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali. Alihesabu mbele ya Sajini akakuta vifurushi vitatu vya unga wa usingizi havipo. Inspekta alisikia pia kwamba wiki ile Dorkasi aliwahi kufoka kuwa mtoto yule apewe kitu alale, wapumzike wote. Kwa hiyo Jumapili walikuwa na washukiwa wawili, na Inspekta alikuwa hajui amshike yupi kwa nguvu zaidi.

Sajini alimuuliza Dorkasi kama aliwahi kumpa mtu ufunguo. Alimpa Luka, akasema, Ijumaa jioni, bibi alipokwisha kuondoka, achukue spiriti ya kusafishia vibati. Luka Mhina, kijana wa Muheza, msaidizi wa daktari, ndiye aliyeendesha mashine na kutunza karatasi zote.

"Kifurushi kimoja kinamfanya nini mtoto wa umri ule?"

"Kinamtuliza. Anasinziasinzia tu, lakini ukimwita anaitika. Viwili vinamlaza. Vitatu..." Dorkasi alitikisa kichwa. "Hakuna anayejua kazi hii atakayempa vitatu."

Sajini aliuliza tena, kwa desturi yake, kila kilichotokea Ijumaa ile. Mara ya pili Dorkasi alikumbuka kitu kidogo. Bi Mwatumu alipokuwa akiondoka alimwomba amwekee bilauri kubwa kwa ajili ya asubuhi, ili mtoto amalize kombe lote, akamweleza na sababu yake. Walikuwa wawili tu. Luka alikuwa ukumbini akipanga viti.

Siku hiyohiyo ya Jumapili Sajini alikwenda matangani Mabawa, akaketi na wanaume nje, kisha akaingia kumpa pole Bi Mwatumu. Bibi alizungumza habari za marehemu, kama wafanyavyo wafiwa, akasema watu waliompenda. Luka alimpenda. Kila wakianza mazoezi alimpaka mshumaa vidoleni, ati vibati visimchubue. Kijana mwema.

Jumatatu Sajini alifungua karatasi za Mastura katika chumba cha mashine. Mpaka mwezi wa Mei mstari wake ulirukaruka ukurasa mzima. Kuanzia Juni ulinyooka kabisa. Alimwomba Daktari Hollis amfunge yeye mwenyewe. Akakaa bila kujitikisa, na bado mlango ulipogongwa mstari wake uliruka. Kisha akatoa mshumaa mfukoni, akajipaka vidole, wakagonga mlango tena. Sindano haikujali. Daktari alitazama mshumaa, akatazama karatasi za Juni na Julai, akaenda kusimama dirishani. Kwa miezi miwili hakuziuliza chochote karatasi zile, kwa sababu zilimwambia alichotaka kusikia.

Majibu ya mkemia wa serikali yalifika Jumanne: dawa ilikuwa katika masalio ya bilauri. Jumatano tarehe 15, saa nne asubuhi, Inspekta aliwakusanya wote katika chumba kile: Shekhe Hija, Dorkasi, Luka na daktari. Alikuwa amepata wazo analolionea fahari. Mmoja mmoja wangefungwa vibati na kuulizwa kama ni wao, na mashine ingetoa jibu. Sajini hakupinga. Aliomba tu awapanguse vidole kwa spiriti yeye mwenyewe.

Shekhe alipoulizwa, mstari uliruka. Wa Dorkasi uliruka zaidi, akalia. Luka aliketi, akaitazama sindano, akavuta pumzi polepole. Aliulizwa kama ndiye, akasema hakuua mtu. Mstari ulinyooka.

"Basi kijana ametoka," alisema Inspekta.

"Mashine inapima hofu, afande, na asiye na kosa naye huogopa," alisema Sajini. "Huyu ameifanyia mazoezi mwaka mzima. Naomba asifunguliwe kwanza."

Akavuta kiti akaketi karibu na Luka, upande wa kulia. Alikuwa ameona kijana hutega sikio la upande huo anaposemeshwa. Alimweleza habari ya mshumaa bila kupandisha sauti. Mastura hakuwahi kutulia. Luka alizinyoosha karatasi kwa nta. Lakini Jumamosi wageni wangefunga vibati kwa mikono yao, na nta wangeiona. Ilibidi mtoto atulie kweli.

"Sikuua mtu," alisema Luka tena. Sindano ilitikisika kidogo, ikarudi.

"Hukutaka kuua. Vikombe vitatu chupani, vifurushi vitatu. Ulipima ili kila kikombe kipate kifurushi kimoja. Angekunywa kimoja, asinzie kidogo, wageni waone mstari mzuri. Na tangu Jumamosi unajiuliza amekufaje."

Luka alizidi kuikazia macho sindano.

"Vile viwili ulidhani vitakwenda wapi?"

"Vingemwagwa," alisema Luka kwa sauti ndogo. "Mkutano ulikuwa unakwisha. Vya nini tena?"

Shekhe Hija alijifunika uso.

"Kombe halimwagwi, Luka. Mle mna maneno ya Mungu, huwezi kuyamwaga chini yakakanyagwa na watu. Lililobaki hunywewa likaisha. Shekhe anajua, mimi najua. Dorkasi aliambiwa Ijumaa alipoombwa bilauri. Daktari aliziamini karatasi zako, hakuwa na haja ya kumpa mtoto dawa. Katika wote walioweza kuifikia chupa ile, ni wewe peke yako uliyeweza kuhesabu kikombe kimoja."

Sindano ilipanda mpaka ukingo wa karatasi, ikabaki hapo ikigongagonga. Luka alikuwa ameacha kuitazama.

Alisema yote bila kulazimishwa. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa darasa la tatu, kwa kofi la mwalimu, kwa sababu alikuwa hawezi kukaa. Mashine hii ndiyo iliyomtuliza, ukubwani, na ilimtuliza kweli. Alitaka wageni waione, warudi makwao, wawaambie walimu waache kuwapiga watoto wa namna ile. Mastura ndiye aliyechaguliwa kuonyeshwa, na Mastura hakuweza. Alijiambia atamfundisha polepole baada ya mkutano. "Nilimpenda," alisema, na hakuna mtu chumbani aliyemwona mwongo.

Alasiri Sajini Mwinyijuma alikwenda Mabawa kwa miguu, na hakuharakisha. Angeweza kusema Luka ndiye aliyeua, akaishia hapo, na asingekuwa amedanganya. Lakini kesi ingefika mahakamani, na mtu wa koti jeusi angemuuliza Bi Mwatumu mbele ya halaiki ni nani aliyeishika bilauri. Heri bibi alisikie kutoka kwake, akiwa sebuleni pake mwenyewe. Alimweleza yote, kikombe kwa kikombe, hakuficha kitu.

Bi Mwatumu aliinyoosha kanga yake mapajani.

"Alisema chungu mara mbili," alisema. "Nikamhimiza. Hakuwahi kumaliza kitu yule, hata uji. Siku ile akamaliza. Akaniwekea kichwa hapa, akatulia, nami nikakaa saa nzima nikimshukuru Mungu kuwa kombe limekubali."

Sajini alilia, na hakujificha. Alimwambia Bi Mwatumu kuwa si yeye aliyekosa, ni mwingine. Bibi alimsikiliza kwa adabu, ila ilionekana wazi kwamba hilo halikumfaa kitu na halitamfaa.

"Huyo Luka, mama yake yu hai?"

"Yu hai, bibi. Yuko Muheza."

"Ameambiwa?"

"Bado. Nitakwenda kesho."

"Nenda leo," alisema Bi Mwatumu. "Asije akayasikia sokoni."