Kilicholala Kwenye AC

Binti aliwasha AC ya gari kama siku zote. Ubaridi ukaja, na nyuma ya ubaridi ikafuata harufu ya udongo mbichi, kama vile shimo limechimbwa sasa hivi chini ya dashibodi. Mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma, akavuta mtandio mpaka puani.

"Mwanangu, nani kafia humu?"

Mama huyo figo zilishamgomea. Uhai wake ulikuwa ni kupelekwa hospitali damu ikasafishwe, arudi, apumzike kidogo, apelekwe tena. Kifua nacho hakikutaka vumbi wala joto, kwa hiyo vioo vya gari havishuki na AC haizimwi. Sasa akagoma. Akasema bora afie kitandani kwake kuliko kupanda kaburi lenye matairi. Binti akabembeleza, wapi. Safari moja ikapita hivihivi, miguu ya mama ikavimba kama magunia.

Ndipo binti akalipeleka gari kwa Pua.

Pua ni fundi wa AC za magari, na jina hilo hakupewa bure. Panya akijamba kwenye lori linalopita barabara kuu, Pua yuko gereji anakwambia panya huyo kala nini. Magari aliyoyatibu ukiyapanga mstari, la mbele lingekuwa linagonga mlango wa mwezi. Lakini mtu huchoka. Mgongo wake ulikuwa umekufa, magoti yanalia, na jua la pale gereji lilikuwa la kukaanga spana.

"Ulimwaga maziwa humu?" akamuuliza binti.

"Sijamwaga kitu."

"Samaki je?"

"Kaka yangu, nimechoka. Mama akikosa safari nyingine ananifia. Ukinipa mtihani nitalia hapahapa."

Pua akaingia kazini. Chujio la hewa akalichomoa: jeupe kama shuka la bi harusi. Bomba la kutolea maji: linadondosha vizuri tu. Akaweka kopo la dawa ya mvuke chini, upande wa abiria, pale AC inapovutia hewa. Akabonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, akafunga milango, akasubiri nje. Ndivyo AC inavyosafishwa duniani kote. Milango ikiwa wazi dawa inapotea.

Alipofungua, gari likanukia ndimu. Akatabasamu. Tabasamu lenyewe halijafika masikioni, ndimu ikakatika, ukarudi udongo, na safari hii umechanganyika na kafuri, ile ya kuoshea maiti.

Akazima gari. Feni ikasimama. Pumzi haikusimama.

Pua akasogeza sikio kwenye tundu la hewa, mchana kweupe, watu wanagonga mabati huko nje, na mle ndani akasikia kitu kikivuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu, kama kuli aliyebeba mizigo ya bandari nzima na sasa kapata pa kujinyoosha, na ubaridi wa pumzi ile ukampita shavuni ukashuka shingoni mpaka kwenye uti wa mgongo, kisha sauti ikanong'ona, bila hasira hata chembe:

"Funga mlango, ndugu. Nimechoka."

Pua hakufunga mlango. Alijikuta kwa shangazi yake, na mpaka leo hajui alipita njia gani.

Shangazi ni mtoa majini. Aliwahi kumtoa jini kwenye jengo la ghorofa, jengo likapungua uzito, nyufa zikajifunga zenyewe. Akaja na chetezo na ubani, akaweka mkono juu ya dashibodi, akasikiliza muda mrefu.

"Huyu hana ubaya," akasema chini chini. "Kachoka, katafuta baridi alale. Hao ndio wagumu. Mwenye hasira anaondoka na hasira zake, aliyechoka anatafuta tu pengine pa kulala. Milango yote iwe wazi, apate njia. Na mtu asikae ndani. Umenisikia wewe?"

"Nimesikia, shangazi."

Akaweka chetezo palepale lilipokaa kopo la dawa, AC ikiwaka, akaenda pembeni kutawadha aanze kisomo.

Moshi ukaanza kutoka milangoni, unapotea bure. Pua akautazama, roho ikamuuma. Tangu aote ndevu hajawahi kusafisha AC milango wazi.

"Kaka, si tumeambiwa..." binti akaanza.

"Shangazi anajua majini. AC najua mimi."

Akaingia, akabonyeza kitufe, akafunga milango, akakaa na pua yake ili aijue harufu ikikata, na moshi ukazunguka na kuzunguka ukikosa pa kutokea, udongo ukapanda, kafuri ikapanda, pumzi ile ikatoka tundu moja ikaingia tundu jingine ikimtafuta, mpaka Pua akafumbua mdomo kukohoa, na hapo kila kitu kikatulia.

Harufu ikaisha kabisa. Shangazi akarudi mbio, mikono inadondosha maji.

"Nani kafunga?"

"Mimi. Moshi ulikuwa unapotea."

Shangazi akamtazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Akaokota chetezo chake, akaondoka bila kuaga.

Mama akapelekwa hospitali siku ileile. Miguu ikanywea, akarudi amelala usingizi kwenye gari kama mtoto. Safari iliyofuata binti akapitia gereji kushukuru. Jua la adhuhuri linachoma. Binti akafungua mlango wake ashuke, Pua akainama dirishani kwa mama.

"Shikamoo mama. Vipi hali?"

Kioo kikafanya ukungu pale alipopumua. Mama akavuta mtandio mpaka puani.

"Ondoa gari twende, mwanangu," akasema polepole.

Pua akabaki amesimama. Akanusa viganja, akanusa shati, akanusa dizeli kwenye dumu. Hakusikia harufu ya kitu chochote. Akafungua mdomo amwite binti, na kabla sauti haijatoka, kifuani mwake mtu akashusha pumzi ndefu, akageukia ubavu wa pili.

"Funga mdomo, ndugu. Nimechoka."