Ukurasa wa Themanini na Nne

Jamani, mlio na watoto vyuoni, hili linawahusu. Nyumbani kwa Bibi Batma, kule milimani Naryn, kulikuwa na raha. Bibi alikata nakshi za zulia la sufu, na mjukuu wake Nurzat, mwanafunzi wa chuo, akaandika kila neno kwa ajili ya tasnifu yake.

"Nakshi hii ya pembe ya kondoo ikitazama ndani, mwenye zulia ni mjane," Bibi alisema. "Mama alinifundisha. Ni ya ukoo wetu tu."

Shida ilianzia kwenye orodha ya marejeo. Vitabu Nurzat alijua kuviorodhesha, lakini Bibi je? Hana mchapishaji, hana ukurasa. Akaona haya kumuuliza msimamizi wake. Basi akatunga kitabu, akakipa mwandishi, mwaka na ukurasa wa themanini na nne.

Tangu hapo hakutulia. Akikaa, anasimama, akifungua tasnifu, anaifunga.

Siku ya kuitetea, Bibi alikuja na sinia la maandazi ya kuwakirimu walimu, kama desturi ilivyo. Profesa Kubat, mmoja wa watahini, akasoma kwa sauti ile habari ya mjane.

"Hayo maneno yangu!" Bibi alidakia.

"Yametoka kitabuni, Bibi."

"Kitabu gani, baba? Mimi hata kusoma sijui!"

Watu wakacheka. "Bibi naye anatafuta sifa," mmoja alisema. Bibi akamgeukia Nurzat. "Waambie basi, mwanangu."

Nurzat akapiga hesabu. Akinyamaza, shahada anaipata, na bibi yake anaondoka pale akiitwa mwongo.

"Kitabu hakipo," alisema. "Nilikitunga. Maneno ni ya Bibi."

Tasnifu ikakataliwa, mwaka ukapotea. Bibi alirudi na sinia lake limejaa. Mlangoni ndipo aliponena: "Kumbe ulinionea haya?" Nurzat akalia kwa uchungu.

Baadaye msimamizi alimwelekeza: jina la msemaji, mazungumzo, mahali, tarehe. Mstari mmoja tu, jamani! Mwaka uliofuata Nurzat alikishika kidole cha Bibi, akakiweka juu ya jina lake katika tasnifu mpya. "Uko hapa."

Bibi alilipapasa karatasini. "Na mama yangu yuko wapi?"

Nurzat akachukua kalamu.

FUNZO

Aliyekufundisha mtaje, hata kama hajawahi kushika kalamu. Usipojua namna ya kumtaja, uliza. Nurzat alikwepa aibu ya dakika moja, akamwaibisha bibi yake mbele ya ukumbi mzima.